Kochi Halina Kosa

Pale kwenye kona, kati ya kibanda cha kinyozi na meza ya dobi, kuna benchi lililoharibu kazi za watu wengi. Lilikuwa kiti cha nyuma cha basi bovu. Fundi Kochi akalivua ngozi iliyochanika, akalijaza sponji za mabaki, akalivisha kitambaa cha maua alichokataa mteja mmoja mwenye nongwa, na tangu siku hiyo hajapatikana mtu wa kulikalia kidogo akaondoka kwa hiari yake. Mama Kahawa anamimina. Kinyozi, wanayemwita Waziri kwa sababu hajawahi kuulizwa jambo akasema halijui, ananyoa kidogo na kuhutubia sana. Dobi wanamwita Rudia, kwani sikio lake moja halifanyi kazi kabisa na la pili linafanya likipenda, kwa hiyo neno lake kubwa ni hilo: rudia. Kilo, mchukuzi wa mizigo, hulalamikia mgongo. Na mwenye benchi lake, Fundi Kochi, huja kusifiwa.

Asubuhi hiyo alikuja amevimba mashavu. Akakaa, akabonyeza benchi kwa kiganja, akashusha pumzi.

— Kulikoni leo? akauliza Mama Kahawa.

— Shemeji yangu kanivunjia heshima.

— Yule mwanafunzi? Si kafika jana tu?

— Jana jioni. Bweni lao limefungwa, akaona aje kwa dada yake. Dada mtu mwenyewe hayupo, kaenda kumlea mdogo wake aliyejifungua, na ameniambia kwa simu, mume wangu, huyo ndiye kitinda mimba wetu, nikirudi nimkute mzima. Haya. Nyumbani kumejaa vitambaa na mbao. Nikamwambia, shemeji, lala karakana, kuna kochi jipya la mteja, halijakaliwa na mtu. Nimempa heshima ambayo hata mimi sijajipa! Asubuhi nampelekea chai, ananiambia nini? Shingo imekaza. Hageuki. Eti kichwa kinampasuka.

Waziri akaacha kunoa wembe.

— Kwenye kochi lako?

— Kwenye kochi langu.

— Loh. Hayo nisingeyasema hadharani.

Fundi Kochi alijuta kuyasema. Lakini yalikuwa yamemkaa moyoni tangu alipotoka karakana. Yeye angeweza kuvumilia kuambiwa mchoyo, mkaidi, hata mzee. Kuambiwa kochi lake linaumiza watu, hapana.

— Na si hilo tu, akaendelea. — Mwili wa moto, nikasema ni joto la sponji mpya. Akaniambia nifunge pazia, mwanga unamchoma macho. Nikamuuliza, shemeji, na mwanga nao nimeushona mimi? Hakucheka. Akatapika. Kando ya kochi, namshukuru Mungu.

— Umefanya nini sasa? akauliza Mama Kahawa.

— Ningefanya nini? Nimefumua mkono wa kochi, pale alipoegemeza kichwa. Nimepunguza sponji, nimeshona upya. Kazi ya mkono, tena kwa uzi mzuri. Kalala tena, bado anasema shingo.

Kilo akatikisa kichwa kwa huruma. Hakuna aliyejua anamhurumia shemeji au uzi.

Hapo ndipo gari la matangazo likapita barabara kubwa. Kipaza sauti chake kilikuwa kimekwama kwenye sauti ya juu kabisa, ila zile nyumba ndefu za upande wa pili zilikuwa zinameza maneno, kijiweni kikafika kichwa cha habari bila habari yenyewe:

"...ya uti wa mgongo... nasema uti wa mgongo... wote mfike mpate chanjo..."

Kisha likakata kona.

— Mchango wa nini tena? akauliza Rudia, pasi mkononi.

— Chanjo! akapaza sauti Waziri. — Chan-jo!

— Mimi nimeshatoa, akasema Rudia, akarudi kwenye shati lake.

Kilo alikuwa amekaa wima, macho yanang'aa.

— Mmesikia? Homa ya uti wa mgongo. Hatimaye! Mimi miaka yote nabeba saruji, nabeba magunia, nalia mgongo, mgongo, mnaniita mvivu. Kumbe ni ugonjwa mpaka una gari lake!

— Huo wako si huo, akasema Mama Kahawa.

— Uti wa mgongo ni upi mwingine? Mimi nina mwingine nimeuficha?

— Homa hiyo mimi nimeisikia kliniki, siku nilipompeleka mjukuu kuchomwa sindano zake. Walisema ubongo una utando unaoufunika, na utando huohuo unashuka kuufunika na uti wa mgongo. Sasa huo utando ndio unaovimba.

— Utando? akadakia Waziri. — Kama wa buibui?

— Sasa mimi nitajua? Mtoto alikuwa analia, mengine sikuyapata.

— Unaletwa na nini?

— Bakteria. Au virusi. Na fangasi nao walitajwa.

— Ugonjwa mmoja, baba watatu? Mama, hapo walikuwa wanakisia. Niwaambie mimi. Mimi ndiye ninayeona visogo vya watu wa mtaa huu wote. Uti wa mgongo unaanzia hapa, akajishika nyuma ya kichwa, na unakwenda mpaka kule mnakokalia. Ni bomba. Bomba likiingia upepo, linachemka. Sasa mtu anayenyolewa kisogo mahali pasipo na poda, upepo unaingia wapi?

— Kwenye bomba, akasema Kilo.

— Umeona! Kila mteja wangu ana poda. Umesikia mteja wangu kaugua uti wa mgongo?

— Mteja wako wa mwisho alikuwa mimi, akasema Kilo, na mgongo unaniuma.

Fundi Kochi alikuwa anasikiliza kwa sikio la mtu mwenye mzigo. Neno homa lilikuwa limemgusa mahali. Akakizungusha kikombe mkononi, akauliza kana kwamba anauliza kwa ajili ya mtu mwingine:

— Sasa, kwa mfano, shemeji yangu. Ana homa. Inaweza kuwa hiyo?

Waziri akamgeukia kwa uzito wote wa cheo asichokuwa nacho.

— Mgongo unamuuma?

— Hapana. Nilimuuliza. Kasema mgongo hauna neno, ni shingo na kichwa.

— Basi si hiyo. Jina lenyewe limesema mgongo. Wangetaka shingo wangesema homa ya shingo. Serikali haiwezi kukosea mwili wa mtu.

Fundi Kochi akapumua. Kisha akakumbuka kwamba kama si hiyo, basi ni kochi, akanuna upya. Hakujua aombe lipi.

— Lakini Mama kasema utando unaanzia kwenye ubongo, akajaribu tena. — Na ubongo uko kichwani. Na kichwa ndicho kinachomuuma.

— Kichwa kinamuuma kwa sababu ni mwanafunzi, akasema Kilo. — Nisikilizeni. Mzigo ni mzigo. Mimi nikipakia kupita kiasi unashuka mabegani, unashuka mgongoni, unaniua. Elimu nayo ni hivyohivyo. Ikijaa kichwani inashuka. Ikifika shingoni, pale pembamba, inakwama. Ndiyo maana kakaza shingo! Akisukuma kidogo itapita.

— Kwa hesabu hiyo wewe uko salama, akasema Mama Kahawa.

— Salama kabisa! akajibu Kilo, na akacheka na wenzake kabla hajaelewa.

— Wahenga walisema..., akaanza Waziri.

— Waache wahenga wapumzike, akamkatiza Mama Kahawa. — Mimi nakumbuka jambo moja, na hilo nililisikia vizuri. Ile ya bakteria ndiyo mbaya zaidi, na inapita kwa mate. Kukoholeana, kupigana mabusu, kunywea chombo kimoja, watu kulala wamebanana chumba kimoja.

Macho yote yakashuka kwenye vikombe. Pale kijiweni vikombe vilikuwa vichache kuliko midomo, na kila mtu alijua kikombe cha Kilo kilianzia kwa Waziri, na cha Waziri kilianzia Mungu anajua wapi. Kilo akakiweka chake chini taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto.

— Waziri, wewe unakohoa?

— Nywele tu hizi. Zimeniingia puani.

— Jana ulikohoa.

— Jana nilikuwa naongea!

— Nitavisuuza kwa maji ya moto, akasema Mama Kahawa. — Tulieni. Ndiyo maana kuna chanjo.

— Chanjo yenyewe wanachoma wapi? akauliza Kilo. — Kwenye mgongo?

— Begani. Au pajani, mtoto.

— Ya mgongo wachome bega? Hapana. Hapo kuna jambo.

Waziri alikuwa amepata upepo mpya. Akasimama, wembe mkononi, na wote wakasogea nyuma kwa mazoea.

— Jambo lipo. Nyinyi mmelala. Uti wa mgongo ni antena! Ukipewa habari mbaya, nini kinasisimka kwanza? Mgongo. Kabla hata hujaelewa! Sasa siku hizi minara imejaa kila paa. Mtandao wote unapita wapi? Kwenye antena za watu. Inapata joto, inavimba. Na huyo shemeji, nakuuliza Fundi, analala na simu?

— Chini ya mto.

— Nimemaliza.

— Lakini leo hataki hata kuiangalia, akasema Fundi Kochi. — Kaniambia nimwondolee, mwanga wake unamchoma.

— Imeshajaa, akasema Waziri, akakaa.

Fundi Kochi alicheka kidogo, kwa adabu, lakini kicheko hakikufika mbali. Alikuwa amekumbuka jinsi kijana alivyolala: ubavu, magoti yamekunjwa, kichwa kimevutwa nyuma. Kochi lake halikushonwa hivyo. Mtu akilala kwenye kochi lake, shingo inakaa yenyewe, inaingia mahali pake. Alilipima kwa shingo yake mwenyewe kabla hajalifunga kitambaa.

— Bweni lao limefungwa kwa nini? akauliza Mama Kahawa.

— Sikumuuliza. Kasema kuna mwenzake wa chumbani aliumwa, akapelekwa hospitali. Nikajua ni tumbo. Wanafunzi wanakula ovyo.

— Wanalala wangapi chumbani?

— Wamejazana. Kitanda juu ya kitanda.

Mama Kahawa akasuuza kikombe kilekile mara mbili. Kile alichosikia kliniki, na kile alichokikosa mtoto alipokuwa analia, vilikuwa vinamchanganya. Alijua jambo, lakini hakujua kama analijua vya kutosha kulisema mbele ya Waziri.

— Ningekuwa wewe ningempeleka akaonekane, akasema mwishowe.

— Nimpeleke niseme nini? Daktari, kalala vibaya? Wamwulize kalala wapi, aseme kwenye kochi la Fundi Kochi? Hapana. Nitalifumua tena. Mkono ule nitautoa wote. Si mgongo, jamani, mmesema wenyewe si mgongo. Ni shingo. Shingo tu! Shingo!

Alilisema hilo la mwisho kwa sauti kubwa mno, mpaka mpita njia akageuka. Na Rudia naye akaweka pasi wima.

— Shingo imefanya nini?

— Hakuna, piga pasi, akasema Waziri.

— Rudia. Shingo ya nani?

— Ya shemeji yake! Imekaza! Ana homa!

Rudia akamtazama Fundi Kochi. Kwa kawaida hutazama midomo ya watu. Safari hii alimtazama machoni.

— Mimi nilianza na shingo, akasema. — Mdogo sana mimi. Mama alitaka kunivika fulana, kichwa kikakataa kuinama. Homa, kichwa, natapika. Wakasema kalala vibaya. Wakanikanda mafuta.

— Kisha? akauliza Fundi Kochi.

— Rudia.

— Kisha ikawaje!

— Kisha sikumbuki. Nilipozinduka nilikuwa hospitali, kisha nikarudishwa nyumbani, nikaona watu wote wa nyumbani wamenuna. Midomo inakwenda lakini hawanisemeshi. Nikawaza, nimewakosea nini? Nililia siku nzima nikiwaomba radhi. Kumbe wanaongea. Ni mimi ndiye niliyekuwa siwasikii.

Hakuna aliyecheka. Miaka yote walikuwa wanamtania kwa hayo masikio, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumuuliza yalikwenda wapi.

— Hiyo ilikuwa homa ya masikio, akasema Waziri, lakini kwa sauti ya chini, na hakumtazama mtu.

Fundi Kochi akashika ukingo wa benchi. Alitaka kuinuka. Akajiambia amalize kikombe kwanza, kwa sababu mtu anayeinuka ghafla anakiri kwamba kuna jambo, na yeye hakutaka kuwe na jambo. Akakipeleka mdomoni. Kahawa ilikuwa imepoa.

Ndipo akamwona mteja wake anakuja. Mama mmoja mnene, mwalimu mstaafu, mwenye kochi lenyewe. Fundi Kochi akatamani ardhi ipasuke. Yule mama alikuwa ametokea upande wa karakana, na karakana ilikuwa wazi. Ameona! Kaona kochi lake limelaliwa na mtu, tena mkono umeshonwa mara mbili.

— Habari zenu, akasema yule mama.

— Nzuri, mama, shikamoo, karibu, akajibu Fundi Kochi akiwa ameshasimama. — Mama, kuhusu lile kochi, nakueleza. Nililijaribu tu. Kochi jipya lazima lizoeshwe uzito...

— Kochi nimeliona. Sikuja kwa hilo. Nimeingia, nimeita, hujaitika. Nikuulize tu: yule kijana mle ndani anaongea na nani?

Fundi Kochi akatazama upande wa karakana.

— Hayupo mtu, mama. Yuko peke yake.

— Anaongea. Anambembeleza mtu azime taa. Anasema, zima, dada, zima, inaniumiza. Nikatazama, taa yenyewe haijawashwa, na pazia limefungwa. Kuna dada yake mle?

Waziri alimtazama Kilo. Kilo alimtazama Mama Kahawa. Rudia alikuwa anatazama midomo ya yule mama, na inaonekana safari hii alisikia kila kitu mara ya kwanza, kwa sababu ndiye aliyekuwa wa kwanza kukimbia. Aliacha pasi juu ya shati la mtu.

Walimkuta kijana macho nusu, mdomo unatembea. Fundi Kochi alimwita shemeji, akamwita kwa jina la utani la nyumbani, akamwita mwanangu, ambalo hakuwahi kumwita. Kijana akamwambia, "Dada, taa." Kilo ndiye aliyembeba, na hakutaja mgongo.

— Shingo! Msimkunje shingo! Rudia alikuwa anapiga kelele, kwa nguvu za mtu asiyeisikia sauti yake mwenyewe.

Kule nje gari la matangazo lilikuwa limerudi, na dereva kashuka anataka kahawa. Mama Kahawa hakumpa kahawa. Alimwambia afungue mlango, na alivyomwambia, dereva akafungua.

— Kipaza sauti hakizimiki, akasema dereva akiwasha gari. — Kimeng'ang'ania tangu asubuhi. Mtanisamehe.

Wakaondoka hivyohivyo, mji mzima unageuka kuwatazama. Fundi Kochi alikaa nyuma, kichwa cha shemeji mapajani pake, mkono chini ya kisogo. Na kwa kuwa sasa alikuwa ndani ya tangazo lenyewe, hakukuwa na nyumba ya kumeza maneno, akalisikia lote tangu mwanzo:

"Dalili zake ni homa kali, kichwa kuuma sana, shingo kukakamaa, kutapika, kuumizwa na mwanga, kuchanganyikiwa. Usisubiri. Mgonjwa afikishwe hospitali upesi, maana ugonjwa huu unaua haraka, na anayepona anaweza kubaki kiziwi au na kifafa. Waliokaa naye karibu nao wafike wapewe dawa ya kinga. Hii ndiyo homa ya uti wa mgongo, nasema uti wa mgongo, wote mfike mpate chanjo..."

Kisha likaanza tena. Shingo kukakamaa. Likaanza tena. Kila lilipofika hapo, Fundi Kochi alihisi kama anaitwa kwa jina mbele za watu. Alitamani amwombe dereva alivunje lile dude. Pia aliogopa likinyamaza atasahau tena kwamba ni shingo.

Hospitalini wakapokelewa mbio. Nesi mmoja, dada mkubwa mwenye mikono ya haraka, aliuliza huku akifanya, akazima taa ya juu ya kitanda, akaweka kiganja chini ya kisogo cha kijana na kujaribu kuinamisha kidevu kifike kifuani. Hakikuinama. Kichwa kikainuka pamoja na mabega, kikiwa kipande kimoja. Fundi Kochi alikuwa ameshika mbao na sponji maisha yake yote, na akajua alichokiona. Kwa mara ya kwanza tangu ashike nyundo aliomba, kwa moyo wake wote, kosa liwe la kochi lake.

Nesi alikwishaita watu. Wakaja na dripu, wakaja na sindano, pazia likavutwa.

— Wewe ndiye uliyekuwa naye? akamuuliza.

— Mimi. Shemeji yake.

— Shingo imekuwa hivi tangu lini?

— Tangu asubuhi. Nilipompelekea chai. Lakini nimeshapunguza sponji, sista. Nimefumua mkono wote nikashona upya, nilijua ni kochi.

Nesi alisimama, akamtazama kwa uso wa mtu aliyechoka na asiyetaka kukosa neno lolote muhimu.

— Kochi gani, baba?

Fundi Kochi akamwambia kwamba kochi halina kosa lolote. Nyuma ya pazia shemeji yake alikuwa bado anamwomba dada azime taa, na nje, getini, gari lilikuwa bado linasema.